Tronsoneze ya Garanti Isifunguliwe Chini ya Mti

Tunaandika juu ya tronsoneze yetu ya pili, sababu ya kwanza tuliiua wenyewe. Tuseme vile ilikuwa. Haikuibwa, haikuangukiwa na mti. Ilikuwa mpya, iko na garanti ya miezi sita, ilikuwa inazimika kwenye ralanti, na sisi tukatafuta turnevisi.

Sisi ni koperative ya kahawa katika teritwari ya Lubero. Juu ya kilima ambapo kahawa haikubali, tuko na pori la mikalitusi tuliyoipanda kwa ajili ya mbao: meza za kukaushia kahawa, milango ya stoki, na zingine za kuuza sokoni wakati kese iko tupu. Zamani tulikuwa tunapasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini, macho yote yamejaa unga wa mbao. Wanaojua kazi ile hawahitaji tuwaeleze kwa nini tulifurahi siku tronsoneze ilipofika. Mama mmoja alipiga vigelegele kabla hata sanduku halijafunguliwa.

Wiki ile ile ya kwanza, kijana wetu wa mashini alikuja jioni kwa prezida. "Papa Prezida, mashini iko inazimika. Nikiachilia tu gasi, inazima." Prezida akamjibu vile wazee wengi tungemjibu: "Mashini mpya haizimike. Ni weye haujue kuilanse." Kwenye mkutano wa komite kuna waliosema kijana alipe, sababu ameharibu mali ya wote. Alinyamaza. Baba yake alikuwa amekaa mle ndani ya mkutano, naye akanyamaza.

Kisha tukafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya. Tulimwita fundi wa pikipiki wa pale njia panda, anayefanyia kazi chini ya mti wa avoka. Ni fundi mzuri wa pikipiki, hatumsemi vibaya. Alisikiliza mashini mara moja, akasema: "Ni karbiratere." Pembeni ya karbiratere kulikuwa na vikofia viwili vidogo vya plastiki vinavyozuia visi zisizunguke kupita kiasi. Alivivunja kwa pense. Akakaza huku, akalegeza kule, akapandisha ralanti mpaka mashini ikalia bila kuzima. Tukamlipa, tukamnunulia na soda.

Haikuzima tena. Lakini shene nayo haikusimama tena. Hata mkono ukiwa mbali na gasi, shene ilikuwa inaendelea kuzunguka polepole. Sisi wote tulikuwa tunaiona, na hakuna aliyesema kitu, sababu kilichokuwa kinatusumbua ni kuzimika, na kuzimika kulikuwa kumeisha. Siku ya tatu kijana alikuwa anahama kutoka gogo moja kwenda lingine, mvua ilikuwa imenyesha usiku, akateleza. Shene ikakamata suruali, kisha paja. Alishonwa kwenye kituo cha afya. Leo anatembea, lakini kupiga magoti shambani kwa muda mrefu hawezi. Na ile mashini haikumaliza miezi miwili: moteri ilikuwa inapata hewa nyingi na mafuta kidogo, ikachemka, ikasere, ni kusema pistoni ikashika ndani ya silinda.

Tuliifunga nyuma ya pikipiki tukaipeleka Butembo kwa muuzaji, karatasi ya garanti mkononi. Yeye hakuangalia karatasi. Aliangalia karbiratere. "Muliishafungua hii. Garanti imekwisha." Tulibishana naye karibu saa nzima. Njiani kurudi hakuna aliyesema neno, sababu tulijua kwamba safari hii haki ilikuwa upande wake.

Sasa tuseme tunachofikiri. Garanti si zawadi ya muuzaji. Iko ndani ya bei. Unaponunua mashini dukani kwa bei kubwa kuliko ile ya sokoni isiyo na karatasi, sehemu ya ile tofauti ni garanti yenyewe umeinunua. Ni makuta ya kahawa yetu, yameshatoka kese. Yule fundi tulimpa franga kidogo na soda, tukasema amefanya rahisi; kumbe tulimlipa garanti nzima. Na hakuna mkutano uliokubali malipo hayo. Watu watatu wenye haraka waliamua juu ya mali ya wanamemba wote, asubuhi moja, wamesimama. Kama watu hao watatu wangetoa kiasi kile kile cha makuta katika kese bila kuuliza, tungewaita kwenye mkutano mkuu wajieleze. Kwa turnevisi hakuna aliyeitwa.

Haraka ile inatoka katika kutokujua. Kwa hiyo tumejitahidi kujua, na haya tuliyojifunza tunayaweka hapa kwa ajili ya wengine.

Ralanti ni moteri kuzunguka yenyewe bila mtu kutia gasi. Kwa tronsoneze nyingi ni karibu mizunguko 2500 mpaka 3000 kwa dakika. Hapo embreaje haijashika, kwa hiyo shene inapaswa kusimama kabisa. Ukipandisha ralanti ili mashini isizime, unafika mahali ambapo embreaje inaanza kushika, na shene inazunguka bila mtu kuiamuru. Njo maana tunasema kwa sauti: tronsoneze inayozimika inakukasirisha tu, lakini tronsoneze ambayo shene yake inazunguka kwenye ralanti inakukata. Ya kwanza unaweza kuendelea kuibeba mpaka dukani. Ya pili uizime hapo hapo, uiweke chini, na mtu asiishike tena mpaka irekebishwe.

Kwa nini sasa mashini mpya izime? Kitu ambacho hakuna aliyetuambia siku ya kununua ni kilima. Hewa ya juu ni nyepesi. Kila unapopanda metre 1000, hewa inapungua karibu sehemu moja ya kumi. Kisangani iko karibu metre 400 juu ya bahari, Goma karibu 1500, Butembo inapita 1700, na vijiji vingi vya Lubero viko juu zaidi ya hapo. Karbiratere iliyopimwa kiwandani kwa nchi ya chini haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga esanse ile ile ndani ya hewa iliyopungua, na moteri inashibishwa kupita kiasi, kama mtoto anayelazimishwa uji. Ukitia gasi inavumilia. Ukiachilia, inakohoa, inatoa moshi, inakaa sekunde chache, inazima. Ukitoa buji unaikuta nyeusi na imelowa. Kijana wetu hakuwa na kosa. Mashini yenyewe pia haikuwa mbovu. Ilikuwa imepimwa kwa mahali pengine, na yule aliyetuuzia hakuipima upya.

Dawa yake ni ndogo sana, na hilo njo linaloumiza. Kwenye karbiratere kuna visi imeandikwa L, ya mafuta ya mwendo wa chini, na ingine imeandikwa H, ya mwendo wa juu. Ya tatu, ya ralanti yenyewe, inaandikwa LA kwa mashini zingine, T kwa zingine, S kwa zingine. Mtu anayejua, mwenye chombo cha kuhesabu mizunguko, anakaza L kidogo kuelekea upande wa mshale wa saa, mafuta yanapungua, kisha anaweka ralanti mahali pake na kuhakikisha shene imesimama. H nayo anaipima, hapo chombo kinahitajika kweli, sababu ukikosea H unachoma moteri. Ile ya kwanza yetu ilikufa kwa H. Kuna mashini za sasa zinazojipima zenyewe bila L na H, lakini zile tunazoziona kwenye makoperative ya huku ziko na visi.

Na wale wanaokodisha tronsoneze zao kwa watu wa bondeni, wakumbuke kinyume chake. Mashini iliyopimwa kwa hewa ya Lubero ukiishusha mpaka pori la Mambasa au Kisangani, kule hewa ni nzito, mafuta yanakuwa machache, moteri inachemka. Mashini inaposhuka irudishwe kwenye kipimo cha kule, na inapopanda tena ipimwe tena.

Lakini kabla ya kumlaumu muuzaji, tulilaumu bidoni. Wote tunajua esanse ya kadafi pale barabarani. Kuna inayotiwa maji, kuna inayotiwa petroli ya taa, kuna iliyokaa juani mwezi mzima ndani ya chupa. Siku hizi tunaimimina kwanza ndani ya chupa nyeupe ya plastiki, tunaiacha nusu saa imesimama. Maji yakiwa mle yanashuka chini na mstari unaonekana. Petroli ya taa haionekani kwa macho, lakini pua ya mama yeyote anayewasha taa jioni inaijua. Melanje tulikuwa tunaipima kwa kifuniko cha chupa, kila mtu na kifuniko chake. Sasa tulinunua sirenge kubwa kwenye farmasi. Kama kitabu cha mashini kinasema 1 kwa 50, ni mililitre 20 za mafuta ya moteri kwa litre moja ya esanse, 100 kwa litre tano. Kama kinasema 1 kwa 25, ni mara mbili yake. Mafuta yenyewe yawe yale ya moteri za melanje, si yale ya pikipiki ya kawaida. Na melanje iliyopita mwezi hatuitii tena ndani ya tronsoneze.

Kisha kuna vitu ambavyo kitabu chenyewe kinamruhusu mwenye mashini kuvigusa, na kuvigusa hakuvunji garanti. Kusafisha filtre ya hewa, ambayo kwa mikalitusi mikavu inajaa unga ndani ya siku moja hata kwenye mashini mpya kabisa. Kuhakikisha startere imerudishwa. Kuangalia buji. Kulegeza bushoni ya tanki mashini inapozima baada ya dakika kadhaa: ukisikia inavuta hewa kwa nguvu, na mashini ikiwaka tena vizuri, basi tundu la kupumulia tanki limeziba. Hata ile visi ya ralanti, vitabu vingi vinamruhusu mwenye mashini kuizungusha kidogo, lakini moteri iwe imeshapata moto, na shene iangaliwe kila unapozungusha. Sisi kwenye koperative yetu tumekataza hata hiyo, mpaka sekretere asome ukurasa wake mbele ya watu wawili. Mtasema ni kuzidisha. Hamkuona lile paja.

Kuna alama moja inayosema kosa ni la ndani na si la kipimo. Ukiiinamisha mashini upande huu na upande ule ikiwa kwenye ralanti, mlio ukabadilika sana, unapanda wenyewe kisha moteri inazima, mara nyingi hewa inaingia mahali isipopaswa, kwenye mpira wa karbiratere au kwenye joe za moteri. Hapo hakuna visi itakayosaidia. Funga sanduku, peleka dukani.

Tronsoneze yetu ya pili ilizima vile vile kama ya kwanza, ndani ya wiki ile ile. Safari hii kijana mpya wa mashini, mdogo wa yule aliyeumia, aliizima mwenyewe, akaileta stoki, akasema: "Mama, andika." Mama wa stoki akaandika kwenye kaye: tarehe, tanki la ngapi, ilizima ikiwa ya moto au ya baridi, baada ya sekunde ngapi, moshi wa rangi gani. Tulijaza chupa moja kutoka bidoni ile ile, tukaifunga, tukaandika juu yake kipimo cha melanje. Picha ya numero ya seri ilikuwa tayari ndani ya telefone, pamoja na picha ya vile vikofia viwili vikiwa vizima, tulipiga siku ya kununua mbele ya muuzaji.

Dukani jibu la kwanza lilikuwa lile tulilolitazamia. "Ni mafuta yenu njo mubaya." Prezida wetu hakubishana. Aliweka chupa juu ya meza. Ilikuwa safi, hakuna mstari wa maji. Akaweka kaye pembeni yake, imefunguliwa. Muuzaji alisoma kurasa mbili, akaita fundi wake kutoka nyuma. Yule fundi alikuwa na chombo cha kuhesabu mizunguko na turnevisi ya pekee ya visi zile. Kazi haikupita dakika kumi na tano, na hatukulipa franga hata moja. Alituambia wazi, mbele ya bosi wake, kwamba mashini nyingi zinazofika Butembo zinahitaji kupimwa upya sababu ya kilima.

Hapo njo tunapokuwa na neno na wauzaji. Kama mnajua, kwa nini hamfanyi kabla ya kutuuzia? Mkulima anatoka mbali, analipa nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, anaacha kahawa yake juani, ili mje mufanye kitu cha dakika kumi na tano ambacho kilipaswa kufanywa siku alipolipa. Mashini ikabidhiwe ikiwa imewashwa, imepata moto, imekaa kwenye ralanti dakika tano mbele ya mnunuzi, shene imesimama. Koperative isikubali kutoa makuta ya mwisho kabla ya hapo. Sisi tumeandika hivyo kwenye karatasi ya komande, na muuzaji amekubali kusaini. Alilalamika kidogo, lakini alisaini.

Wengine wenu mtatuambia: ninyi wa Lubero muko karibu na Butembo, sisi tuko mbali, barabara imeharibika, au imefungwa kwa vita, na mti umeshaanguka, unangoja. Ni kweli, na hatuna jibu zuri kwa wote. Kuna wakati sisi pia njia ilikuwa haipitike kwa wiki nyingi. Kile tulichofanya ni kumpigia muuzaji kwanza, kisha kumtumia mesaji: mashini inazima, tumeangalia haya na haya, unaturuhusu kufanya nini? Jibu lake likifika kwa maandishi, tunalihifadhi. Kama anaturuhusu kuzungusha visi, ni yeye ameruhusu. Kama hajibu, mesaji yetu iko na tarehe. Na msumeno wa watu wawili bado uko nyuma ya stoki. Kupasua kwa mkono wiki mbili kunachosha, lakini kununua mashini ya tatu kungekula kahawa ya msimu mzima.

Jambo la siku za garanti pia liangaliwe. Miezi sita inahesabiwa kutoka siku ya fakture, si kutoka siku mlipoanza kuitumia. Tunajua koperative iliyopokea mashini, ikaiweka miezi minne kungojea sherehe ya kukabidhi, wageni waje, benderole ifungwe, hotuba zisomwe. Walipoanza kukata, walibaki na miezi miwili tu ya garanti.

Na hapo tunafika kwa mashirika. Jarida hili ni la shirika linalotusaidia, na tunajua wenyewe watasoma. Basi wasome. Mashini nyingi tulizonazo makoperative zilinunuliwa na miradi. Tunashukuru, na hatusemi hivyo kwa mdomo tu. Lakini fakture inaandikwa jina la mradi, karatasi ya garanti inabaki ndani ya kabati la ofisi mjini, kitabu cha mashini kinabaki kwa mtu wa lojistiki, na koperative inapokea mashini, kofia na tishati. Siku mashini inazima, tunampigia animateri, animateri anampigia bosi wake, bosi yuko mkutanoni, na mwezi umeisha. Mradi ukifungwa, yule aliyeandikwa kwenye fakture hayuko tena nchini. Tunaomba kitu kimoja: fakture na garanti ziandikwe jina la koperative toka siku ya kwanza, hata kama makuta yote ni ya mradi, na kopi ya kitabu katika Kifaransa au Kiswahili ikae stoki. Hiyo haiongezi gharama yoyote.

Tuongeze hili, sababu wengi hawalijui. Hata pale ambapo hakuna karatasi ya garanti, muuzaji hayuko huru kabisa. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo ni msingi wa mikataba katika nchi yetu, inasema muuzaji anajibu kwa kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Lakini inamtaka mnunuzi adai bila kukawia. Anayekuja baada ya mwaka, karbiratere imefunguliwa mara tatu na mafundi watatu, hata sheria haitamsaidia. Hatusemi mkimbilie tribinali kwa ajili ya tronsoneze. Tunasema muwe na kaye, na chupa, na picha, na muende mapema, na mara nyingi hamtafika huko.

Yule kijana wa kwanza, mkutano mkuu ulimwomba samahani. Tuseme ukweli, ulichelewa, na haukufanyika kwa urahisi. Mzee mmoja alitoka nje kabla haujaisha. Makuta ya kituo cha afya koperative ilirudisha, baada ya kuuza kahawa. Sasa yeye njo anafundisha wengine kulanse mashini na kuangalia kama shene imesimama, amekaa juu ya kigogo, mguu ameunyoosha. Turnevisi iliyokuja ndani ya sanduku iko kwa mama wa stoki, amefungia ndani ya kisanduku cha kese, na siku ya mwisho ya garanti imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango: tuko bado na wiki kumi na moja.